Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Viota vya Tai na Msimu wa Kuswaga Baisani

Ndugu wanachama,

Nianze na lililotuumbua. Mwezi Mei tulikwenda Horse Butte, ile rasi inayoingia Ziwa Hebgen, magharibi mwa Hifadhi ya Yellowstone, jimbo la Montana. Tulikwenda kuangalia kama tai wenye vichwa vyeupe wanasumbuliwa, kumbe wasumbufu ni sisi. Wawili wetu walisogea na kamera hadi jike akainuka kiotani, akawa anazunguka juu ya misonobari akilia kwa ile sauti nyembamba isiyolingana na mwili wake. (Mliokulia kando ya Ziwa Victoria mnajua furukombe anavyolia, huyu hamfikii.) Dakika kumi nzima makinda walibaki wazi, upepo wa ziwa ukiwapiga. Nawaomba radhi. Kuanzia mwakani hatusogei chini ya mita 200.

Sasa baisani, yaani nyati wa Amerika. Tai wa huko hutaga kati ya Februari na Aprili, huatamia kama siku 35, kisha makinda hukaa kiotani wiki 10 hadi 12. Baisani nao hutoka hifadhini wakati wa baridi kutafuta majani, na kwa miaka mingi Mei 15 ilikuwa ndiyo siku ya mwisho ya kuwaswaga warudi, kwa farasi, kwa pikipiki za magurudumu manne, hata kwa helikopta. Yaani helikopta ilikuwa ikipita wakati makinda hawajaota manyoya ya kutosha.

Sababu inayotolewa ya kuwaswaga ni brusela, ugonjwa unaofanya ng'ombe watupe mimba. Mfugaji anayeuogopa simlaumu. Ila mpaka sasa hakuna tukio lililothibitishwa la baisani wa porini kuwaambukiza ng'ombe eneo lile. Maambukizi yaliyofuatiliwa yameonekana kutoka kwa elki, aina ya kulungu mkubwa, na elki hawaswagwi kwa kiwango hicho. Tangu uamuzi wa gavana wa Montana wa mwishoni mwa 2015 baisani wanaruhusiwa kukaa Horse Butte mwaka mzima, na kelele za pale zimepungua sana.

Hata hivyo, ruhusa ya gavana mmoja, gavana mwingine anaweza kuiondoa. Ndiyo maana kamati inataka umbali wa kukaa mbali na viota uandikwe ndani ya mpango wenyewe wa kusimamia baisani. Miongozo ya serikali kuu ya 2007 inashauri helikopta na eropleni zisikaribie kiota kwa chini ya futi 1,000, kama mita 300, msimu wa kuzaliana. Na kanuni za sheria ya kulinda tai haziulizi maiti ya ndege: bughudha inayoelekea kumfanya atelekeze kiota inatosha kuwa kosa.

Tumeiandikia ofisi moja mara mbili, kimya. Barua ya tatu itakwenda kabla ya Februari, tai hawajaanza kutaga. Mambo ya ada atayaeleza mweka hazina.