Kwa Kaka, kuhusu moto mlionificha

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta nyote wazima, na kwamba goti la Mama limepata nafuu. Mimi sijambo. Zamu za usiku zinaendelea na nimeshazizoea, kwa hiyo hayo tuyaache.

Ujumbe wako wa fedha za sikukuu niliupata, na fedha nimezituma jana. Lakini kabla hujazigusa naomba unisikilize hadi mwisho, maana nina jambo lililonikaa moyoni wiki ya tatu sasa. Nimeambiwa kuhusu moto wa jikoni wa sikukuu ya mwaka jana, uliomuunguza Shangazi mkono. Sikuambiwa na wewe, wala na Dada. Niliambiwa na mtoto, naye alidhani nilikuwa najua siku zote. Miezi kumi na moja tumezungumza kila Jumapili, na muda wote huo Shangazi alikuwa akiuweka mkono wake wa kulia pembeni, kamera ya simu isiuone. Iliniuma, kaka. Najua mlikusudia kuniepusha na wasiwasi, ila mtu aliye mbali akishajua kwamba hufichwa mabaya, hata habari njema huzipokea kwa mashaka.

Tena mlinificha jambo ambalo ndilo ninalolijua kuliko mengine yote. Nilipokuandikia kwamba nimeteuliwa kuwa msimamizi wa usalama wa moto katika jengo letu la kazi, hukunipa hata pongezi. Uliuliza kama mshahara umeongezwa. Haukuongezwa. Lakini tulifanya mtihani watu 24, nami nikaongoza, na cheti nimekitundika ukutani mahali ambapo kila anayeingia chumbani kwangu hana budi kukiona.

Siku ya mafunzo mwalimu alitutoa nje, akabandika sufuria ya mafuta motoni mpaka yakafuka moshi, kisha yakawaka yenyewe. Akachukua kikombe kimoja cha maji, kikombe cha kawaida kabisa, akakifunga kwenye ncha ya mti mrefu na kukimimina. Moto uliruka ukapita kimo chake, nasi tuliosimama mbali tukarudi nyuma bila kuambiwa. Mafuta yakifikia kuwaka huwa yamepita nyuzi 300, na maji, kwa kuwa ni mazito kuliko mafuta, huzama chini yake na kugeuka mvuke papo hapo. Na mvuke huhitaji nafasi mara 1,700 hivi kuliko maji yaliyouzaa, kwa hiyo huyarusha mafuta yanayowaka kila upande. Ndicho kilichompata Shangazi alipoyamwagia maji mafuta yaliyowaka. Hakufanya uzembe, alifanya ambacho sote tungefanya, kwa kuwa hakuna aliyewahi kutuambia vinginevyo. Mwambie kwamba mwaka huu mfuniko wa sufuria ukae karibu na mkono wake tangu anapoanza kukaanga. Mafuta yakishika moto, azime jiko ikiwa anaweza kulifikia bila kupitisha mkono juu ya ndimi za moto, afunike, kisha asifunue mpaka sufuria ipoe kabisa, kwa sababu mafuta yaliyo bado ya moto hupata hewa na kuwaka upya. Asiibebe kuipeleka nje. Na asiache jiko kwenda kupokea wageni. Wageni watapokelewa na wengine.

Nimesikia pia kwamba mkono ule mliupaka dawa ya meno. Kidonda cha moto huwekwa chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, mapema iwezekanavyo, na hakipakwi chochote.

Nilipomhoji zaidi, mtoto akanitumia picha ya soketi iliyo nyuma ya kochi kubwa. Plagi imekuwa rangi ya kahawia na tundu moja limeyeyuka pembeni mithili ya nta. Nimeitazama picha hiyo mara nyingi kuliko picha za sikukuu yenyewe. Kaka, ekstensheni ya ampea 13 katika umeme wa volti 230 hubeba wati 3,000 hivi, na birika la umeme peke yake laweza kula 2,000. Ninyi mliunganisha ekstensheni juu ya ekstensheni, mkaweka birika, friji ya kuazima, spika na taa za mapambo, kisha mkapitisha waya chini ya zulia ambako joto halina pa kutokea. Taa za mapambo nunua, sikatai. Nunua za LED, ambazo hula umeme kidogo na hazipati joto kama za zamani, nazo zizimwe watu wanapokwenda kulala. Soketi ile isitumike tena kabla fundi hajaibadilisha.

Sasa nifike kwenye kufuli la nondo za dirisha, ingawa najua hutapenda. Tulibishana kuhusu nondo za madirisha tangu Baba yu hai, na wewe ukashikilia kwamba ufunguo ukae chumbani kwako kwa ajili ya wezi. Mwaka huu watoto watalala sebuleni, magodoro yakiwa yamepangwa hadi mlangoni. Nyumba ikijaa moshi saa tisa za usiku, nani atapapasa gizani kuutafuta ufunguo wako? Utundike msumarini ndani ya chumba chenye dirisha hilo la kufuli, mbali na mkono wa aliye nje, na kila mtu mzima aoneshwe ulipo. Njia ya mlango iachwe wazi. Milango ya vyumba ifungwe watu wakilala, kwani mlango uliofungwa huuchelewesha moshi.

Kutoka katika fedha nilizotuma, kwanza toa za ving'ora vitatu vya moshi: kimoja sebuleni watakakolala watoto, kimoja nje ya chumba cha Mama, kimoja kwenye korido ya nyuma. Pua ya aliyelala haimwamshi, na hewa yenye sumu iliyomo katika moshi humzidishia usingizi. King'ora ndicho kitakachomwamsha. Kisifungwe jikoni, kitalia bure na mtakichomoa betri. Kitakachobaki ni chako, ukipange upendavyo, nami sitauliza hesabu.

Nitakuwa kazini usiku wa sikukuu. Kutoka dirisha la ghorofa yangu huonekana taa za nyumba nyingi zikimetameta, na mwaka jana nilisimama pale nikiwaza jinsi mnavyocheka huko nyumbani, kumbe wakati huo Shangazi alikuwa akilia.

Ukishakifunga king'ora cha Mama, nipigie simu, ukibonyeze kitufe cha kujaribia, nami nikisikie kikilia.

Mdogo wako akupendaye.