Ofa ya nusu bei inaua biashara za maboksi ya mapishi

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua. Kila nikifungua kurasa za biashara nakuta kuna mtu anasifiwa ameanzisha huduma ya kupelekea watu boksi la mapishi nyumbani, lile linalokuja na kila kitu kimeshapimwa pamoja na karatasi ya maelekezo, we kazi yako ni kukata na kupika tu. Na sifa yenyewe huwa ni ile ile, eti kapata wateja wapya wengi ndani ya muda mfupi. Mi shughuli yangu ni kupaki hayo maboksi asubuhi na kupiga hesabu zake jioni, na naomba niseme bila kuzunguka: kwenye hii biashara hiyo namba ya wateja wapya ndo inayodanganya kuliko zote, na watu wanakula mitaji yao kwa kuikimbilia.

Angalia inavyokuwa. Mtu anaanza, anataka majina mengi haraka, anatoa ofa boksi la kwanza nusu bei. Simu inaita mchana kutwa, roho inafurahi. Sasa tuseme faida yako halisi kwa boksi moja, ukishatoa chakula, vifungashio, barafu, usafiri na mikono ya waliopaki, ni shilingi 10 kwenye kila 100, na hapo umejitahidi kweli. Ukitoa nusu bei umeacha 50 mezani, kwa hiyo boksi la kwanza limekutia hasara ya 40. Ili uirudishe hiyo 40 huyo mteja inabidi anunue maboksi manne ya bei kamili, na hapo bado hujapata hata senti, umerudi sifuri tu. Akinunua mawili alafu akapotea, wewe ndo umemlipia chakula chake. Alafu unachukua hela za wateja wa wiki hii unawapa ofa wa wiki ijayo, na kwa sababu watu hulipa kabla hujaenda kununua bidhaa, akaunti inaonekana imenona kumbe ile hela sio yako, ina nyanya na kuku wa watu ndani yake.

Na hili sio tatizo la wadogo tu. Haya maboksi yalianza kupata umaarufu Sweden mwaka 2007, dada mmoja anaitwa Kicki Theander alipoanzisha Middagsfrid, mwaka 2011 HelloFresh ikaanza Berlin, na 2012 Blue Apron ikaanza New York. Hiyo Blue Apron mwaka 2016 iliuza kama dola milioni 795, mauzo ya kutisha hayo, lakini matangazo peke yake yalikula milioni 144 na mwaka ukaisha na hasara ya karibu milioni 55. Juni 2017 wakauza hisa kwa dola 10 moja, kampuni yote ikathaminiwa karibu dola bilioni 1.9. Mwaka ule ule walikuwa wanahamia kwenye jengo jipya kule Linden, New Jersey, kazi ikawazidi, maboksi yakawa yanachelewa au yanafika na vitu pungufu. Wakaona wapunguze matangazo, wateja nao wakapungua. Mwaka 2023 wakanunuliwa na Wonder Group, kampuni nyingine ya chakula ya kule Marekani, kwa dola milioni 103 hivi. Chef'd, kampuni nyingine ya maboksi ya kule kule Marekani, ndo kabisa, Julai 2018 ilifunga ghafla. Hao ni watu wenye mawakili na wahasibu, wewe mwenye friji mbili na mizani unaiga ofa yao ya nini?

Mteja anayekulipa mshahara ni yule anayeagiza mara ya tano, ya sita. Huyo haletwi na tangazo, analetwa na chumba cha kupakia. Na hapa ndipo waandishi wenu hawafiki, wanapiga picha sahani iliyopambwa wanaondoka.

Njoo uone meza ya kupakia. Vitu vikubwa havisahauliki, kuku hasahauliki wala mchele. Kinachosahaulika ni kale kapakiti ka bizari ka kijiko kimoja cha chai. Mteja yupo jikoni, kitunguu kimeshaiva, mafuta yanachemka, anapapasa boksi lote hakioni, na dukani haendi kwa sababu alikulipa ili asiende dukani. Chakula cha familia kimeharibika kwa kitu cha bei ya bure. Sisi tunavyofanya, vile vipakiti vidogo vyote vya menyu moja tunavifunga kwanza kwenye mfuko wake, unapimwa kwenye mizani ya dijitali, uzito ukipungua hata gramu chache mfuko haufungwi mpaka ijulikane kimekosekana nini. Inachosha, na mtu mgeni anaona tunapoteza muda, ila tangu tuanze hivyo simu za lawama zimekata.

Baridi nayo. Nyama mbichi inafungwa peke yake isivuje na inakaa chini kabisa, majani yanakaa juu mbali na barafu, maana mboga ya majani ikilalia barafu inafika imelegea na nyeusi utafikiri imemwagiwa maji ya moto. Shirika la Afya Duniani linasema vyakula vinavyoharibika haraka vikae chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, kati ya 5 na 60 ndo vijidudu vya magonjwa vinazaliana vizuri, sasa wewe unahesabu muda wa safari tu unasahau boksi linaweza kukaa mlangoni mpaka mwenye nyumba atoke kazini. Kabla hujamuuzia mtu yeyote tia kipimajoto ndani ya boksi, lifunge, liache sehemu yenye joto kwa muda mrefu kuliko safari yako ndefu, alafu soma namba. Ukikuta imepita 5 ongeza barafu au punguza eneo unalopeleka, na mi nakushauri hilo la pili, kwa sababu barafu ni uzito na uzito ni hela ya mafuta.

Karatasi ya maelekezo ndo kichekesho. Inaandikwa dakika 30, aliyepima hizo dakika ni mpishi mwenye kisu kikali na kila kitu kishamenywa. Mtu wa kawaida na mtoto mgongoni anatumia saa nzima, anakuona mwongo. Mpe karatasi jirani asiyejua kupika, kaa pembeni ufunge mdomo, muda atakaotumia yeye ndo uandike. Na maneno ya "pika mpaka iive" toeni jamani, kuiva kunaonekanaje? Andika rangi iwe vipi, maji yawe yamebaki kiasi gani.

Uzuri mkubwa wa hii biashara kuliko mgahawa ni kwamba unanunua baada ya kuuza. Oda zinafungwa siku flani, unaenda sokoni na hesabu kamili, hakuna cha kubahatisha. Lakini watu wanaupoteza wenyewe kwa kuweka menyu kumi ili waonekane wakubwa. Menyu tatu zinatosha kuanzia, na ziwe zinashirikiana vitu, kile kitunguu na tangawizi viingie kwenye zote tatu, hapo ununue kwa wingi na kikibaki kisikae kuoza. Siku ya kupeleka iwe moja au mbili kwa wiki na eneo moja, dereva akitoka na maboksi 20 mtaa mmoja ni tofauti kabisa na 20 yaliyotawanyika mji mzima.

Kuna wanaosema haya maboksi ni uchafuzi, plastiki tupu. Vifungashio ni vingi kweli, siwapingi, ila watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walipima mwaka 2019 wakakuta mlo ulionunuliwa dukani kwa wastani unatoa gesi joto asilimia 33 zaidi ya mlo wa boksi, sababu kubwa ni kwamba kwenye boksi chakula kinachotupwa ni kidogo. Kwa hiyo kipimo chako kikiwa cha ovyo mpaka watu wanatupa, hata hiyo sifa umeipoteza.

Na lile la kujitoa. Kuna huduma niliwahi kujiunga kama mteja, ile ya kukatwa hela na kuletewa boksi kila wiki mpaka ujitoe, kujisajili ni kubofya mara moja, kujitoa mpaka upige simu, usubiri, ubembelezwe. Wiki hiyo walinikata hela bila mi kutaka, na sijarudi tena mpaka leo. Mtu akisafiri mwache aruke wiki kwa meseji moja tu ya wasap bila kuulizwa maswali. Kwenye daftari letu wateja wetu wakongwe karibu wote waliwahi kuruka, tena zaidi ya mara moja, na wapo.

Kwa hiyo Mhariri, ombi langu ni dogo. Waandishi wenu wakienda kumhoji mtu wa hii biashara wamuulize hivi: kati ya walioagiza boksi la kwanza miezi mitatu iliyopita, wangapi wameagiza wiki hii kwa bei kamili? Akijibu, andikeni hiyo namba kwenye kichwa cha habari hata kama ni ndogo. Akianza kuongelea idadi ya wanaomfuata mtandaoni, basi mpigeni picha ile sahani mwende zenu.

Ni mimi msomaji wenu,
Mpakiaji