Barua ya malalamiko: mafunzo ya bwawani tuliyolipia na hayakufanyika

Mikocheni,
Dar es Salaam.
9 Septemba 2024

Meneja,
Kampuni ya Utalii,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: SAFARI YA KAYAKI JINJA, 7–12 AGOSTI 2024

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kwa niaba yangu na ya wenzangu watano. Kampuni yenu ilitupeleka Jinja, Uganda, wakati wa mapumziko ya Nane Nane, kujifunza kuendesha kayaki, yaani mtumbwi mwembamba wa kupiga kasia, kwenye maji ya kasi ya Mto Nile. Hakuna kati yetu aliyewahi kukalia kayaki kabla ya hapo, na tuliwaambia hivyo tangu siku ya kwanza tulipofika ofisini kwenu. Kila mmoja alilipa Sh. 1,850,000, jumla Sh. 11,100,000. Ni fedha tulizocheza mchezo wa kuchangiana kwa zamu miezi kumi kuzipata.

Lalamiko letu kubwa ni hili: ofisi yenu iliwaandikia wenyeji wetu wa Jinja kwamba tumeshafanya mafunzo ya bwawani hapa Dar. Hatukuyafanya.

Stakabadhi zenu zinaonyesha Sh. 150,000 kwa kila mtu kwa ajili ya jioni mbili kwenye bwawa la kuogelea. Jioni ya kwanza mliiahirisha saa kumi alasiri, wakati wawili wetu wameshafika Mwenge. Ya pili hamkutuambia lolote. Tulisimama getini na taulo zetu hadi saa mbili usiku, mlinzi akatuonea huruma, akaenda kuuliza ndani na kurudi na jibu kwamba hakuna aliyeweka nafasi kwa jina la kampuni yenu. Kesho yake kijana wenu wa mauzo alisema, "Msiwe na wasiwasi, mtafundishwa hukohuko." Tiketi za ndege zilikuwa zimeshakatwa. Tukamwamini.

Sijui kama wewe binafsi umewahi kukaa kwenye kayaki ya mtoni, kwa hiyo naeleza kwa nini jioni hizo mbili si jambo dogo. Unavaa kiunoni kitambaa kizito cha mpira, wenyewe wanakiita sketi, kisha unakivuta na kukibana kuzunguka mdomo wa chombo ili maji yasiingie. Ukipinduka, unabaki umening'inia kichwa chini ndani ya maji, miguu imefungiwa ndani. Kutoka si kazi ngumu kwa aliyefundishwa: unainama mbele, unatafuta kitanzi kilicho mbele ya sketi, unakivuta, unasukuma chombo kwa mikono na kuibuka. Asiyefundishwa hufanya kinyume chake. Anajirusha nyuma na kupapasa kutafuta hewa, na kitanzi kinabaki palepale.

Asubuhi ya tarehe 9 mkufunzi alitugawia makoti ya kujiokolea, kofia ngumu na sketi. Kwa kuwa aliamini tunajua, alituacha tuingie majini huku akimsaidia wa mwisho kufunga kofia. Rafiki yetu mmoja alipinduka akiwa hatua chache tu kutoka ukingoni, kwenye maji yasiyo na hata wimbi. Niliona tumbo la kayaki likiwa juu na mkono mmoja ukipiga maji. Sikuhesabu sekunde. Mkufunzi alijitupa majini na nguo zake, akakigeuza chombo kwa nguvu, na mwenzetu akaibuka akitapika maji na kulia.

Huyo aliyepinduka ndiye aliyeandika kwenye fomu yenu, kwa wino, kwamba hajui kuogelea. Watu wengi wa Dar wamekulia karibu na bahari na hawajui kuogelea, wala si aibu. Ndiyo sababu swali hilo liliwekwa kwenye fomu.

Mkufunzi alipotuuliza bwawani tulifundishwa kutoka namna gani, mmoja wetu alimjibu, "Bwawa gani?" Akatoa simu yake na kutuonyesha ujumbe kutoka ofisini kwenu. Ulisema wateja sita, wote wamemaliza mafunzo ya bwawani, wako tayari kwa mto. Chini yake yalikuwepo majina yetu na uzito wetu. Habari ya mtu asiyejua kuogelea haikuwemo.

Sina lalamiko lolote dhidi ya mkufunzi yule. Alizikusanya sketi zote, akatuanzisha upya kama watoto wa chekechea, na siku mbili nzima hakuturuhusu kutoka kwenye maji tulivu. Alitufundisha kuelea chali miguu ikitangulia kuelekea mkondo unakokwenda, na kutojaribu kusimama kwenye maji ya kasi, maana mguu ukinasa kwenye mawe mkondo utakulaza na kukufunika. Tarehe 11 alitupeleka watano kwenye maji ya daraja la pili, katika kipimo cha madaraja sita ya ukali wa maji. Nilipinduka mara tatu na kutoka mwenyewe mara zote tatu, na mara ya tatu niliibuka nikicheka. Furaha ile siwezi kuieleza vizuri kwa maandishi. Mwenzetu wa sita alikuwa ameketi ukingoni, amejifunga khanga, anatutazama. Hakurudi tena kwenye kayaki.

Siku mbili za mtoni zilizokuwa kwenye ratiba zikabaki moja, kwa sababu nyingine ililiwa na kazi iliyotakiwa kufanyika Dar.

Kuna pia kipeperushi chenu. Kina picha ya Maporomoko ya Bujagali na ahadi kwamba tutayaona. Maporomoko hayo yalifunikwa na maji ya bwawa la umeme lililozinduliwa mwaka 2012. Palipokuwa na maporomoko sasa ni maji yaliyotulia, na hapohapo ndipo tulipojifunzia. Tafadhali kiondoeni.

Tunaomba mturudishie Sh. 150,000 za bwawa na Sh. 220,000 za siku moja ya mtoni kwa kila mmoja wetu, jumla Sh. 2,220,000, ndani ya siku 21. Tunaomba pia maelezo ya maandishi: nani aliandika ujumbe ule, na ninyi mmechukua hatua gani ili kundi linalofuata lisipelekwe mtoni kwa taarifa ya uongo. Tusipopata jibu tutapeleka suala hili Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Nimeambatanisha nakala za stakabadhi sita, kipeperushi na picha ya ujumbe ule.

Mwenzetu aliyepinduka ana ombi lake mwenyewe. Anataka nakala ya fomu aliyoijaza ofisini kwenu, yenye mwandiko wake. Atapita kuichukua Jumatatu ijayo saa nne asubuhi, nami nitakuwa naye.

Wako,
Mteja, kwa niaba ya wasafiri sita