Shangazi hakuwa mhudumu wa ndege

Ndugu Mhariri,

Kila mwezi wa tatu magazeti yetu huja na orodha ya wanawake waliothubutu. Nazisoma zote, na shangazi yangu sijawahi kumwona humo. Sikulaumu. Hata sisi wa nyumbani tulikuwa tukisema alikuwa mhudumu wa ndege. Picha yake ya sare ilining'inia sebuleni Magomeni miaka nenda rudi. Tuliona sketi, tukaridhika. Mistari ya begani, ile inayoonyesha cheo cha rubani, hakuna aliyeihesabu.

Alipofariki tulivuta sanduku la bati lililokuwa uvunguni. Barua zake nyingi ziliishia kufungia karanga (tuliziuza wenyewe, aibu yetu), lakini kitabu kimoja chenye jalada gumu kilisalimika. Kumbe ni kitabu cha saa za kuruka: tarehe, aina ya ndege, namba ya usajili, ilikotoka, ilikokwenda, muda angani. Kurasa za mwanzo mwalimu ametajwa kila mstari. Halafu unafika mstari mmoja ambao mwalimu hayumo. Mwandiko wa shangazi, uleule aliotuandikia vitu vya kununua sokoni Kariakoo, unasema: dakika 20, peke yangu.

Ndege hizo za mwanzo zina usajili unaoanza na 5X, alama ya Uganda. Za kwetu ni 5H. Hapo ndipo nilipojua alisomea Soroti, kwenye shule ya urubani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyofunguliwa mwaka 1971.

Kumfuatilia baada ya hapo ni kazi. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, East African Airways, shirika lake la ndege, ikafa nayo. Shirika lilikuwa na makao Nairobi, Jumuiya Arusha, shule Soroti: maisha ya mtu mmoja, nchi tatu. Ofisi moja hapa mjini ilinizungusha wiki tatu, kwa kuwa mimi mwenyewe niliwapa jina la mume wake. Leseni aliipata kabla ya kuolewa. Siku nilipotaja ubini wa babu, jalada lilitoka kabla chai ya karani haijapoa.

Sidai kwamba alikuwa wa kwanza. Mashindano hayo nawaachia wengine. Beryl Markham, aliyekulia Kenya, alivuka Atlantiki peke yake mwaka 1936 na dunia inamjua, maana maisha yake yalichapishwa kitabu. Shangazi aliandika saa na dakika tu, na sisi tukakaa naye miaka yote hiyo tukimuuliza habari za ubuyu na harusi.

Kama yupo mzee aliyekuwa fundi wa ndege hapa Dar es Salaam miaka ya sabini, anayemkumbuka rubani msichana aliyekuja kazini kwa baiskeli kutokea Magomeni, namwomba akuandikie. Nitakuja mwenyewe kuichukua barua yake.

Msomaji wako,
Magomeni, Dar es Salaam