Barua ya malalamiko: Mlituletea Seagal mwenye sauti ya mtu mwingine

Banda la Video,
Mbagala Rangi Tatu,
Dar es Salaam.
9 Septemba 2024

Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja.

Yah: FILAMU YA MWAKA 2006 KUTANGAZWA KUWA "MPYA KABISA"

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu, huu ni mwaka wa sita. Nina banda la kuonyeshea mpira na muvi, lile ambalo vijana wanaliita kibanda umiza, lenye mabenchi kumi na manne na feni mbili, moja ikiwa inazunguka. Kibali ninacho, leseni ninayo, na kifurushi chenu cha televisheni nakilipia kabla hakijakatika, kwa sababu kikikatika dakika ya themanini ya mechi, anayerushiwa chupa ni mimi, si ninyi.

Jumamosi ya tarehe 7 ligi ya Uingereza ilikuwa imesimama kupisha timu za taifa. Kwa mtu wa kazi yangu hiyo ni njaa. Lakini tangu Jumatatu mlikuwa mnapitisha tangazo kila baada ya taarifa ya habari: Steven Seagal, yule mwigizaji wa Kimarekani wa muvi za ngumi, amerudi, filamu mpya kabisa, Jumamosi saa tatu usiku. Nikaandika ubao kwa chaki, nikaupeleka kijiweni kwa bodaboda, kiingilio shilingi 500. Wakaingia watu 63. Kwa zama hizi ambazo kila mtu ana muvi kwenye simu yake, kuwapata watu 63 wakae kwenye benchi la mbao waangalie kitu ambacho si mpira, hilo lilikuwa jambo la kumshukuru Mungu.

Filamu yenyewe ikawa ni Attack Force.

Sasa niwaeleze ilivyopokelewa, maana nadhani huko ofisini hakuna aliyekaa akaitazama. Seagal alipofungua mdomo, ikatoka sauti ambayo si yake. Sauti yake watu wangu wanaijua: ananong'ona, kama mtu anayekuja kukudai lakini hataki mkeo asikie. Hii ilikuwa ya mtu mwingine kabisa. Banda likanyamaza. Mbele kidogo ikarudi ile yake halisi, halafu ile ngeni tena. Fundi baiskeli mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, akapaza sauti: "Jamani, steringi anasemewa!" Kuanzia hapo hakuna aliyefuata muvi. Watu walikaa wakisubiri mdomo ufunguke ili wabishane ni yupi anayeongea. Mzee mmoja wa benchi la mbele akashikilia kwamba kapandisha mashetani, na kwa kweli maelezo yake ndiyo yaliyokuwa na mantiki kuliko yote yaliyotolewa usiku ule.

Halafu ngumi. Mtu wa kibandani hamlipii Seagal kwa ajili ya hadithi. Tangu Above the Law ya 1988, na Under Siege ya 1992 ambayo ndiyo iliyomfanya mfalme wa mabanda yote, anachokilipia ni kitu kimoja: jambazi anarusha ngumi, Seagal anaidaka, anaizungusha kwa ile aikido yake ya Kijapani ya kukunja viungo, na kiwiko kinaelekea upande ambao Mungu hakukiumbia. Hapo banda zima linasema "aaaah" kama lina jino bovu. Safari hii tulikaa tukiwaangalia watu waliovaa nguo nyeusi wakitembea gizani na kupeana taarifa. Hata pale zilipokuja purukushani zenyewe, picha zilikatwakatwa, mara bega, mara kisogo ambacho mimi siwezi kula kiapo kwamba ni cha Seagal.

Hadithi nayo haikushikika. Kuna dawa ya kulevya inaitwa CTX, anayeitumia anapata nguvu zisizo za kibinadamu, na Seagal anawasaka wanaoisambaza. Ila wale watu hawafanani na wala unga. Tunaishi Mbagala, wala unga tunawajua. Mpwa wangu akaingia kwenye simu, ndipo mambo yakafunuka. Filamu ilitoka Desemba 2006, moja kwa moja kwenye DVD, na ilipigwa Romania. Wakati wa kuirekodi ilikuwa ni hadithi ya viumbe kutoka nje ya dunia. Walipomaliza kupiga picha ndipo wakaigeuza kuwa ya dawa za kulevya, na sehemu kubwa ya maneno ya Seagal ikaingizwa kwa sauti ya mwigizaji mwingine. Tangu ilipotoka, wapenzi wa Seagal huko nje wanaicheka kwa sauti hiyo hiyo. Yaani dosari inajulikana dunia nzima kwa karibu miaka 18, ninyi mkaja kutuandalia kama chakula cha sikukuu.

Msije mkanijibu kwamba watu wa uswahilini hawazoei filamu kutiwa sauti. Sisi ndio wenye mambo hayo! Tumekulia kwenye mabanda ya mkanda tukimsikiliza Lufufu, yule msimuliaji wa muvi, akitutafsiria Wachina, Wahindi na Wamarekani, akiongeza chumvi na pilipili zake, na mara nyingine tafsiri ilikuwa tamu kuliko muvi. Lakini Lufufu hakuwahi kujifanya ni mchezaji wa filamu. Unaisikia sauti yake, unajua huyu ni Lufufu anakusimulia. Ya Jumamosi ilikuwa kinyume chake: mtu kajificha ndani ya mdomo wa mwingine, na sisi tumelipa kwa jina la mwenye mdomo.

Wala silalamiki kwamba filamu ni ya bei nafuu. Za kwetu za Bongo nazo zilikwenda moja kwa moja kwenye CD, sehemu ya kwanza na ya pili, nyumba moja ileile kila muvi, sauti inapanda na kushuka na upepo, na watu humu bandani wamelia machozi. Mtu akijua anachokinunua anasamehe mengi. Hata huyo Seagal, tangu 2003 kazi zake nyingi zimekuwa za kwenda moja kwa moja kwenye DVD, na zipo ambazo wateja wangu wanazipenda hivyo hivyo na kitambi chake.

Watu 41 waliomba hela yao kabla muvi haijafika mwisho, nikawarudishia shilingi 20,500. Wale 22 waliobaki walibaki kwa kucheka. Tangu jana nikipita sokoni naitwa "Anasemewa". Muuza mihogo, mama wa watu mwenye heshima zake, aliponirudishia chenji alifungua mdomo tu bila kutoa sauti, akamwachia mwanawe aseme "karibu tena".

Jumapili asubuhi nilipiga simu kwenu. Baada ya muziki wa dakika ishirini na mbili, kijana aliyepokea akanijibu, kwa upole nakiri, kwamba tangazo halina kosa kwa kuwa filamu ni "mpya kwenye chaneli yetu". Ndugu Meneja, nguo ya mtumba nayo ni mpya kwa anayeivaa mara ya kwanza. Ila nenda soko la Karume pale, hutamkuta muuzaji anayeiita ya dukani. Atakwambia "mtumba grade one", utaishika, utatazama kwapa, mtapatana bei. Ninyi mmezidiwa uungwana na mtu anayeuza akiwa amesimama juu ya meza.

Ninachoomba ni hiki. Mnirudishie hizo 20,500, au mnikatie kwenye malipo ya mwezi ujao, vyote kwangu sawa. Matangazo yenu ya filamu yaonyeshe mwaka ilipotoka, kwa maandishi yanayosomeka na mtu aliyekaa benchi la nyuma. Na palipo na sauti ya kubandikwa, semeni. Mkisema mapema nitaandika kwenye ubao "Seagal anasemewa, njooni mcheke", na ninaamini nitajaza banda kuliko Jumamosi iliyopita.

Nimeelezwa kuwa utaratibu ni kuanza kwenu kwanza kabla ya kupeleka lalamiko Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), ndiyo maana naandika. Jibu nalisubiri kwa siku kumi na nne.

Jambo moja la haraka zaidi: jana usiku nimeona mmeanza kutangaza "mpya kabisa" nyingine ya Jumamosi ijayo, Flight of Fury. Hiyo ni ya 2007, mwongozaji wake ni Michael Keusch yuleyule wa Attack Force, na hadithi yake ni marudio ya Black Thunder ya 1998. Ligi inarudi Jumamosi hiyo, kwa hiyo mimi nitaonyesha mpira. Lakini kuna mabanda mengine ambayo hayajui, na tangazo bado linaweza kurekebishwa leo.

Wenu mteja,

Mmiliki wa banda,
Mbagala Rangi Tatu.