Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mbunge wetu

YAH: KARATASI ZA MASHINE YA MOYO

Mheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Natumaini u mzima na moyo wako unapiga sawasawa. Sikejeli. Mimi ni mwalimu mstaafu, miaka 71, na wangu haupigi sawasawa tangu 2019. Unakimbia, unaruka, unasita, kama mtoto anayejifunza ngoma.

Alhamisi iliyopita tumempeleka dada yangu hospitali ya mkoa, mdomo umepinda, mkono wa kulia hauna kazi. Miezi minne alikuwa akilalamika moyo unampapatika kama kuku aliyefungwa miguu. Zahanati wakampima presha, wakampa vidonge vya maumivu, wakamwambia, "Bibi, ni uzee tu." Mara tatu akapanda bodaboda hadi kituo cha afya, apimwe kwa ile mashine ya kubandika waya kifuani uliyotuletea mwenyewe. Mara tatu akajibiwa: mashine ipo, karatasi hakuna.

Karatasi, Mheshimiwa.

Siku ya makabidhiano naikumbuka. Ulikata utepe, wazee tukapangwa mbele kwa ajili ya picha. Ukasema mzee wa jimbo hili hatasafiri tena kutafuta kipimo cha moyo. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma. Mzee mmoja akalazwa, karatasi ikatoka na milima na mabonde yake, ukaishika juu watu waione. Nadhani bunda la siku ile ndilo lilikuwa la kwanza na la mwisho. Wengine wanasema zililetwa za mashine nyingine. Wengine wanasema aliyefundishwa kuitumia amehamishwa. Wapo wanaosema zimeuzwa, ingawa sijui mtu azinunue afungie nini, maandazi? Ninachojua mashine imefunikwa kitambaa cha maua. Kizuri sana.

Daktari wa mkoani alinieleza taratibu: moyo ukipiga ovyo, damu hutuama ndani yake, ikituama huganda, na bonge likichomoka likapanda kichwani, ndicho kiharusi. Kwa hiyo nameza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Ikipungua, damu inaganda. Ikizidi, unavuja damu. Lazima damu ipimwe mara kwa mara, na hata mchicha, maana unaingilia dawa hiyo, nisile leo kidogo kesho sufuria zima. (Masika huku mtu ale nini kingine?) Kipimo hicho nacho kiko mkoani, nauli 24,000 kwenda na kurudi. Pensheni yangu unaijua. Barabara ikikatika sipimwi, nameza kwa kubahatisha.

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilituahidi matibabu bure. Dirisha la wazee lipo, na kibao cha kututaka tutangulie kipo. Natangulia kweli: natangulia kuambiwa dawa zimeisha, kanunue duka la nje.

Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwahi kuwapima wazee zaidi ya 2,000 wa miaka 70 na kuendelea. Waliokutwa na moyo kama huu wangu walikuwa wachache, lakini nusu yao walifariki ndani ya mwaka mmoja. Wale angalau walijulikana wanaumwa nini. Dada yangu alikuwa na "uzee".

Usinijibu kwamba Dar es Salaam ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Naijua, wanaweka hadi betri ya moyo, Mungu awabariki. Lakini kufika kule kunataka rufaa, rufaa inataka kipimo, na kipimo kinataka karatasi.

Nilikuwa nimeandika maombi mengi: ambulensi, mtaalamu, dawa zisiishe, damu ipimwe hapahapa. Nimeyafuta, nisije nikakuchosha. Naomba karatasi. Kama bei ndiyo tatizo, sema, wazee tutachanga. Mbuzi wa siku ya utepe tulimchanga pia, na ulikula ukasifu.

Dada hawezi kuongea. Jana nilimshika kifundo cha mkono nikahesabu mapigo, yakanipotea, nikaanza upya, yakanipotea tena.

Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa kituoni na mjukuu wangu, anisaidie kupanda kile kitanda. Nitaomba kupimwa. Karatasi, Mheshimiwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu, mpiga kura wako