Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Nyumba: fundi bomba kwanza, rangi baadaye

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa Idara ya Nyumba,

YAH: UKUNGU KATIKA NYUMBA TULIZOPANGISHWA NA IDARA YAKO

Mheshimiwa, tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Nimeona niandike mbele ya watu kwa sababu barua nilizokuletea kimyakimya nadhani nazo zimeshaota ukungu, huko kwenye mafaili mlikozilaza.

Juzi usiku kipande cha lipu kimemeguka ukutani na kuangukia kitanda cha mwanangu. Hakikumkuta, kwa kuwa siku nyingi sasa tunalala wote chumba kimoja. Kule kwake hakulaliki. Upande wa nyuma wa kipande hicho, chini ya rangi nyeupe mliyokuja kutupakia kwa mbwembwe mkapiga na picha, kulikuwa kweusi tii. Uvundo uliotoka hapo sitauelezea, kuna watu watasoma barua hii wakiwa mezani.

Kulipokucha nikapiga simu ofisini kwako. Afisa akanisikiliza kwa adabu zote, nashukuru, kisha akaniuliza: "Mama, lakini madirisha huwa unafungua?"

Madirisha, Mheshimiwa! Maji yametoka kwenye bomba lenu lililopasuka ghorofa ya juu, yakashuka ndani ya ukuta wangu, na anayehojiwa ni dirisha.

Sikatai kwamba mvuke wa jikoni na bafuni, au nguo zinazoanikwa ndani, huleta ukungu. Unyevu wa hewa ya ndani ukipita asilimia 60, ukungu unaweza kuota hata pasipo bomba lolote kupasuka. Lakini ule wa mvuke una mahali pake unapopenda: kona za kuta za nje, pembeni mwa madirisha, nyuma ya kabati lililosogezwa likagusa ukuta. Wa kwangu umeshuka mstari mmoja kutoka darini, kulekule bomba linakopita. Isitoshe, nilifanya jaribio ambalo hata afisa wako anaweza kulifanya bila kuomba bajeti. Chukua kipande cha nailoni angavu, kibandike ukutani kwa gundi ya utepe pande zote pasiingie hewa, ukiache siku moja au mbili. Matone yakijikusanya upande unaotazama chumba, unyevu ni wa hewa ya ndani. Yakijikusanya upande wa nyuma, unaogusa ukuta, basi maji yanatoka ukutani. Kwangu yalikuwa nyuma. Majirani wameona, na nailoni bado ipo, mkiitaka.

Sasa nikukumbushe kitu, kwa heshima. Kwenye mkutano wa wapangaji, kipaza sauti mkononi, ulisema mwenyewe kwamba bomba likipasuka fundi atafika siku hiyohiyo. Tulikupigia makofi. Naomba ya kwangu nirudishiwe.

Maana hapo ndipo palipoharibika kila kitu. Vijimbegu vya ukungu vimo hewani kila nyumba, hata kwako, Mheshimiwa, kuta zako zilizo kavu hazikuepushi. Huwezi kuvimaliza vyote. Vinachosubiri ni maji tu, kwa kuwa chakula kipo tayari: karatasi iliyofunika ubao wa jipsamu, mbao, kitambaa, hata vumbi. Kitu kikikaa kimelowa kati ya saa 24 na 48, ukungu unaweza kuanza. Kwa hiyo kazi yote ya maana ni ya siku hizo mbili za mwanzo. Sisi tuliokaa humu tuliifanya ya kwetu: tulikamua, tukatoa zulia na magodoro nje, tukawasha feni, tukasogeza makabati yote katikati ya chumba. Kuzima maji yanayotoka ghorofa nisiyo na ufunguo wake hakukuwa kazi yangu. Ilikuwa yenu, na jibu lenu lilikuwa "suala lako linashughulikiwa". Limeshughulikiwa na ukungu.

Fundi wenu alipokuja hatimaye, alipanda juu, akashuka upesi mno. Mimi nahisi bomba halikubadilishwa, lilifungwa mpira tu. Sikuona kwa macho yangu, lakini ukuta ungekuwa umeshakauka kama kazi ingefanyika. Wengine hapa jengoni wanasema hata mkandarasi mwenyewe hajalipwa, ndiyo maana analipua kazi. Mtajibizana nao.

Baada yake wakaja wa rangi. Kijana mmoja akapuliza klorini ukutani, akaona haitoshi, akachanganya na dawa nyingine ya usafi aliyokuja nayo, dirisha limefungwa (hapo hakuna aliyemuuliza kuhusu madirisha). Macho yalituwasha hadi tukakimbilia ngazini. Klorini ikichanganywa na kitu chenye amonia hutoa gesi ya sumu. Mtu anayetumwa kwenye nyumba za watu hakufundishwa hilo? Hata klorini peke yake haikuwa dawa ya ukuta ule. Kwenye kigae au kioo unafuta na kukausha, yameisha. Kwenye lipu, jipsamu na mbao ukungu umeshazama ndani, na hata ukifa unaendelea kumsumbua mwenye mzio. Ubao uliooza hukatwa ukatupwa, na ukuta huachwa ukauke kabisa kabla brashi ya rangi haijasogea. Kupaka rangi juu ya ukungu ni funika kombe mwanaharamu apite, na mwanaharamu hakupita, amebaki anakula.

Mtaniambia, kama alivyosema mwenzako mmoja, kwamba mpangaji anaweza kujisafishia. Anaweza, doa likiwa dogo. Mwongozo wa shirika la Marekani la ulinzi wa mazingira unaweka mpaka wake kwenye eneo lisilofikia mita moja ya mraba hivi: sabuni, maji, brashi, glavu, barakoa ya N95, kisha kukausha vizuri. Kwangu ni ukuta mzima na sehemu ya dari. Na nikisugua leo huku bomba linavuja, wiki ijayo nasugua tena. Nimeshasugua sana.

Mwanangu kifua kinapiga filimbi usiku. Daktari, kabla hajauliza mengine, aliuliza tunaishi nyumba ya namna gani. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 unaosema wanaoishi kwenye nyumba zenye unyevu na ukungu wako katika hatari zaidi ya maradhi ya njia ya hewa na pumu. Hiyo ni miaka mingi ya kusoma, Mheshimiwa.

Na kama miongozo inachosha, kuna mtoto aliyeitwa Awaab Ishak. Alikuwa na miaka miwili, akiishi na wazazi wake katika nyumba ya shirika la nyumba huko Rochdale, Uingereza. Nyumba ilikuwa na ukungu, baba yake alilalamika, familia ikaambiwa wapake rangi. Baadaye shirika lenyewe lilikiri lilikuwa limedhania tu kwamba tatizo ni namna familia ile inavyoishi. Awaab alifariki Desemba 2020, na mwaka 2022 mchunguzi wa vifo akaamua kwamba kilichomuua ni maradhi ya njia ya hewa yaliyotokana na kukaa muda mrefu kwenye ukungu. Leo kule kuna sheria inayoitwa kwa jina lake, imeanza kazi Oktoba 2025. Hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24. Unyevu na ukungu wenye hatari kubwa uchunguzwe ndani ya siku 10 za kazi, na ukithibitika nyumba ifanywe salama ndani ya siku 5 za kazi. Iliwagharimu mtoto kufika hapo. Nasema hivi mwanangu akiwa hai anakohoa chumba cha pili, na kwenu nikipiga simu naulizwa madirisha.

Ninachotaka: bomba lifunguliwe tuone. Likibadilishwa, lipu iliyooza itolewe, ukuta ukauke, upimwe unyevu, halafu ndipo mengine. Tupewe pa kulala wakati huo. Na mtu wa ofisi yako aandike tarehe, kwa kalamu, chini aweke jina lake. Nilitaka kuomba pia fidia ya magodoro na nguo za shule, lakini naona orodha ikiwa ndefu ndiyo mnapata pa kujifichia. Basi niombe moja. Fundi bomba. Nileteeni fundi bomba, aje na bomba jipya, asije na mpira.

Nabaki wako mtiifu, bado kidogo,
Mpangaji, ghorofa ya pili

Nyongeza: Nikiwa namalizia barua hii nimepigiwa simu kutoka ofisini kwako. Wamefurahi kunijulisha kwamba ombi langu limepitishwa na Jumatatu asubuhi wanakuja kupaka rangi. Mheshimiwa, Jumatatu mlango sifungui.